Mafuta Yalikwenda Wapi?

Wasomaji wenzangu, nataka kuwaeleza habari ya mafuta ya mtambo wa baridi. Najua wako watakaouliza, "Baridi na mafuta, wapi na wapi?" Nami nilikuwa mmoja wao mpaka likizo ya Agosti mwaka 2024, nilipokuwa Senior 5. Katika likizo hiyo nilimwona mtu mzima, ndugu wa mama yangu, akikaribia kupoteza kazi kwa ajili ya lita 20 za mafuta ambazo hakuna aliyeweza kusema ziko wapi.

Mjomba wangu ni fundi msaidizi katika kiwanda cha samaki kilichoko ufuoni mwa Ziwa Victoria, hapa kwetu Uganda. Jina la kiwanda sitalitaja, kwani mjomba angali akifanya kazi huko, na karo yangu hutoka mfukoni mwake. Samaki wanaoletwa ni sangara, ambao sisi huwaita mputa. Mashua zikifika, samaki hupimwa, huoshwa kwa maji ya baridi sana, hukatwa minofu, kisha hufungwa na kupelekwa ng'ambo. Maji yale ya kuoshea hupozwa mpaka nyuzi 5 za Sentigredi. Yakipanda kufika nyuzi 9 au 10 kazi husimamishwa, maana samaki hangoji mtu. Akishavuliwa, joto ndilo adui yake wa kwanza.

Mtambo unaopoza maji hayo mafundi huuita chilla. Msidhani ni friji kubwa. Ni mapipa mawili marefu ya chuma yaliyolazwa ubavu, na juu yake kompresa inayonguruma kama lori lipandalo mlima.

Kwa muda wa majuma matatu chilla ile ilikuwa ikijizima yenyewe. Taa nyekundu huwaka, na kisanduku cha umeme huandika kwamba mafuta ya kompresa yamepungua. Vijana wa zamu hutia lita mbili, mtambo ukaondoka. Siku mbili baadaye, taa nyekundu tena. Lita mbili tena. Mwisho wa juma la tatu dumu zima la lita 20 lilikuwa limekwisha. Sakafuni hapakuwa na tone, na mabomba yote yalikuwa makavu kwa nje. Tena mafuta hayo si kama ya gari. Bei yake ni kubwa, na ufunguo wa stoo ulikuwa kwa mjomba. Basi Bwana Meneja alifanya hesabu yake ya haraka, akamwandikia mjomba barua: katika siku saba aeleze mafuta yamekwenda wapi, la sivyo atahesabiwa kuwa ameyauza.

Usiku ule mjomba hakula. Alikaa barazani akirudia maneno yale yale, "Mengine niliyatia mwenyewe kwa mikono yangu." Mama alimwambia alale, lakini hakulala.

Kesho yake alimpigia simu mzee mmoja aliyemfundisha kazi zamani, ambaye sasa amestaafu na hulima ndizi. Mzee alikuja kwa bodaboda, amebeba mkoba wa ngozi uliokwisha rangi. Mimi niliruhusiwa kuingia nao ili nibebe vyombo. Mzee aliuzunguka mtambo mara moja, mikono nyuma, kisha akasema, "Mtambo huu umefungwa kila mahali. Kama gesi haikuvuja, mafuta nayo hayakuvuja. Yamo humu humu. Kazi yetu ni kuyatafuta."

Ili mpate kufuata, sharti kwanza nieleze safari ya gesi. Gesi iliyomo katika chilla ile huitwa R134a. Kompresa huivuta kutoka pipa la kwanza, huikandamiza mpaka iwe ya moto na yenye msukumo mkubwa, kisha huipeleka pipa la pili, ambalo mafundi wetu huliita pipa la moto. Humo mabomba ya maji ya kawaida huiondolea joto, nayo hugeuka kimiminiko. Kimiminiko hupita katika tundu jembamba la valvu, msukumo wake hushuka ghafula, nacho huingia pipa la baridi. Pipa hili ndilo lililonishangaza. Ndani yake mna mabomba mengi membamba ya shaba. Ndani ya mabomba hupita maji ya kuoshea samaki, na nje ya mabomba kimiminiko cha gesi huchemka. Naam, huchemka, tena kwa nyuzi 3 tu! Na ili kichemke huchukua joto la maji, ndiyo maana maji hupoa. Mvuke wake huvutwa na kompresa, na safari huanza upya.

Sasa, katika kompresa mna parafujo mbili kubwa za chuma zinazozunguka zikiwa zimeingiliana meno. Pasipo mafuta zingekulana katika muda mfupi. Mafuta huzilainisha, huziba nafasi ndogo iliyo kati yao ili gesi isirudi nyuma, tena huchukua sehemu ya joto. Lakini mafuta hayo hunyunyizwa katikati ya gesi iendayo kasi. Kwa hiyo gesi ikitoka, hutoka na mafuta, kama vumbi linavyofuata basi.

Waliobuni mitambo walijua jambo hilo. Baada ya kompresa waliweka tangi la kutenga mafuta. Gesi ikiingia humo hupunguza mwendo, hugeuzwa njia na kupitishwa katika wavu wa waya mwembamba. Matone huungana, huwa mazito, huanguka chini na kurudishwa kwa kompresa. Karibu yote hurudi kwa njia hii. Lakini karibu yote si yote. Sehemu ndogo sana, kama ukungu, hupenya ikaenda pipa la moto, na kutoka hapo ikaingia pipa la baridi pamoja na kimiminiko.

Fikirini sufuria ya mchuzi wa nyama iliyonona. Ukiiacha jikoni ichemke, maji huondoka kuwa mvuke, mafuta hayaondoki. Ukiongeza maji yenye mafuta kidogo, yakachemka, ukaongeza tena, mwisho sufuria itakuwa mafuta matupu, hata kama kila mara uliongeza kijiko kimoja tu. Pipa la baridi ndiyo sufuria hiyo. Gesi huingia na kutoka. Mafuta huingia yakakaa. Na kompresa, ambayo huko juu inazidi kupungukiwa, hulia na kuomba mafuta mengine.

Katika friji ya nyumbani shida hii hutatuliwa kwa mwendo peke yake. Huko gesi huchemka ndani ya bomba, si nje yake, na mvuke ukienda kasi hukokota mafuta katika kuta za bomba mpaka kompresa. Katika mitambo ya namna hiyo iliyo mikubwa, pale bomba linapopanda juu, fundi hulichagua liwe jembamba, mvuke uende mita 5 hivi au zaidi kwa sekunde. Likiwa pana mno, mafuta hushindwa kupanda, huteleza nyuma kama mtoto anayeparamia mwembe uliolowa mvua. Lakini katika pipa pana la chilla mvuke hupanda polepole, nao hauwezi kubeba mafuta. Ndiyo sababu lazima iwepo njia nyingine ya kuyarudisha.

Njia hiyo, katika chilla ile, ni chombo kidogo kama kiganja cha mkono kiitwacho ejekta. Hakina injini wala kitu kinachozunguka. Mmewahi kuona lile bomba la mkono la kupulizia dawa ya mbu? Ukisukuma mpini, hewa hupita kwa kasi juu ya mdomo wa kijibomba, na dawa hupanda yenyewe kutoka koponi. Ejekta ni ndugu yake. Gesi ya moto yenye msukumo, itokayo pipa la moto, hupitishwa katika tundu dogo. Ikitoka hapo ina kasi kubwa, na penye kasi kubwa msukumo hupungua; upungufu huo huvuta kimiminiko chenye mafuta kutoka pipa la baridi, mahali palipo karibu na uso wake, na kukirudisha upande wa kompresa. Huko penye joto gesi huchemka ikaenda zake, mafuta yakabaki mahali pake. Kabla ya ejekta pana chujio, ili uchafu usizibe lile tundu.

Nilipoelezwa haya niliona haya kidogo. Kanuni ya Bernoulli, aliyoichapa katika kitabu chake mwaka 1738, niliiandika katika mtihani nikapata alama nzuri sana. Lakini kama mngeniambia kwamba iko chumbani kwa mjomba ikifanya kazi usiku na mchana, ningecheka.

Mzee hakufungua kitu. Alinishika mkono akauweka juu ya bomba linaloleta gesi kwenye ejekta.

"Vipi?"

"La moto, Mzee."

Akauhamishia bomba la pili, lile linalotoka pipa la baridi. "Na hili?"

"Si la moto wala si la baridi."

"Hili latoka penye nyuzi tatu, mwanangu. Kama kungekuwa na kitu kinachopita ndani, lingetoa jasho."

Kisha alitazama geji. Katika mtambo mzima, tofauti kati ya maji yatokayo na gesi ichemkayo huwa nyuzi 1 au 2 tu. Siku ile maji yalitoka yakiwa na nyuzi 9, na gesi ilichemka kwa nyuzi 3. Tofauti ni nyuzi 6! Mafuta yalikuwa yameyavika mabomba ya shaba kama blanketi, na joto la maji lilishindwa kuifikia gesi. Mjomba alitaka kulifungua chujio mara moja, lakini Mzee alimzuia. "Nikilifungua sasa mafuta yatarudi, na Bwana wako atasema tumeyanunua jana usiku tukayatia. Mwite aje na mzani."

Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini mjomba humheshimu sana mzee yule.

Bwana Meneja alikuja. Sina budi kusema kweli kwamba hakuja kwa hasira. Alikuja kama mtu aliyechoka, maana samaki wa tani kadhaa walikuwa wakingoja barafu zaidi kuliko kawaida. Mzee alichukua chupa ndogo ya chuma iliyoondolewa hewa, akaipima uzito ikiwa tupu, akaifunga kwenye kivalvu cha ubavuni mwa pipa la baridi, akachota humo gramu 400 za kimiminiko. Halafu aliitia katika ndoo ya maji ya vuguvugu, akaivuta gesi yake polepole kwa mashine hadi katika mtungi mwingine. Hakuiachia hewani. Alisema fundi anayeachia gesi hewani ni sawa na mpishi anayetupa mchele uani. Gesi yote ilipokwisha ondoka, alipima chupa tena. Ndani yalibaki mafuta, gramu 40.

"Nani hapa ajua hesabu?" akauliza. Wote walinitazama mimi.

Gramu 40 katika gramu 400 ni sehemu moja ya kumi. Mzee alikadiria, kwa kuangalia kibao cha mtambo na kile kidirisha cha kioo, kwamba katika pipa la baridi mna gesi kilo 150. Ikiwa mafuta ni sehemu moja katika kumi ya mchanganyiko, basi gesi ni sehemu tisa. Kilo 150 kwa 9 ni kilo 16.7 hivi. Na kwa kuwa lita moja ya mafuta yale ina uzito unaokaribia kilo moja, mafuta yaliyokuwa yamelala katika pipa yalikuwa kama lita 17. Niliandika kwa chaki sakafuni, mkono ukinitetemeka. Bwana Meneja alirudia hesabu katika simu yake, mara mbili.

"Na tatu zilizobaki?" akasema.

"Mafuta hutembea na gesi siku zote, Bwana," Mzee akajibu. "Mengine yamo katika mabomba, mengine pipa la moto. Hata mtambo usio na ugonjwa huwa na kidogo njiani. Kadirio langu nalo si la duka la dhahabu."

Ndipo mtambo uliposimamishwa, valvu zikafungwa, na chujio likafunguliwa. Lilitoka likiwa limejaa tope jeusi kama machicha ya kahawa. Sehemu ilikuwa unga wa zile punje zinazowekwa katika bomba la kimiminiko ili kunyonya unyevu. Zilikuwa zimezeeka na kusagika, zikachanganyika na chembe za chuma. Tundu la ejekta nalo lilikuwa limezibwa nusu. Kijana mmoja wa zamu alileta waya alizibue, Mzee akampiga kofi la mkono kwa utani. Tundu lile limepimwa. Likikwaruzwa likawa pana, kasi hupungua na ejekta haivuti tena. Alilisafisha kwa kulipuliza naitrojeni kavu.

Chujio jipya likatiwa, na punje mpya. Mtambo ulipoondoka, nilikwenda mwenyewe kushika lile bomba. Baada ya dakika chache lilianza kutoa jasho, matone yakateremka kama katika chupa ya soda iliyotolewa barafuni. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kushika chuma.

Mafuta hayarudi mara moja. Jioni ile kioo cha tangi la mafuta kilionyesha yamepanda kidogo. Asubuhi yalikuwa katikati. Mchana yalipita kioo cha juu. Hiyo nayo ni hatari, kwa sababu mafuta yakizidi hutapanyika na kurudi kule kule yalikotoka. Kwa siku mbili mjomba aliyapunguza kidogo kidogo mbele ya karani, na kila kipimo kiliandikwa. Jumla ilikuwa lita 16. Maji ya kuoshea yalirudi nyuzi 5, na tofauti ile ikarudi 2.

Bwana Meneja alitaka dumu lirudishwe stoo ili litumike tena. Mzee alikataa, na hapa lazima niingie kidogo katika historia. Zamani gesi iliyotumika sana katika mitambo ya namna hii ilikuwa R12, yenye klorini, nayo ilipatana vizuri na mafuta ya kawaida yatokanayo na petroli ya ardhini. Baadaye iligunduliwa kwamba klorini ya gesi hizo huharibu tabaka la ozoni angani, na mwaka 1987 mataifa yalikubaliana huko Montreal kuziondoa polepole. R134a haina klorini, lakini haikubali kuchanganyika na mafuta yale ya zamani, kwa hiyo yangebaki katika mabomba yasirudi. Ikabidi watu watengeneze mafuta mengine, yaitwayo ya esta. Haya hupatana nayo vizuri, ila yana tabia moja mbaya: hunywa unyevu wa hewa upesi sana. Dumu likiachwa wazi, mafuta hupata maji, na maji yakiingia katika mtambo huzaa asidi inayokula shaba na nyuzi za mota. Basi lita zile 16, zilizokwisha kupita katika tope na kumwagwa dumuni mbele ya hewa, hazikufaa tena. Zilifungwa na kuandikwa "TAKA". Kuzimwaga chini ufuoni kungekuwa dhambi nyingine.

Wala hata R134a yenyewe si ya kudumu. Mwezi wa Oktoba mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, kwa jirani zetu wa Rwanda, yakakubaliana kupunguza na gesi za aina hii, kwa kuwa kilo moja yake ikitoka hewani huzuia joto la dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko kilo moja ya hewa ya ukaa. Zinakuja gesi nyingine, na kila gesi yafaa ichaguliwe pamoja na mafuta yake, kama kufuli na ufunguo. Ziko pia kompresa mpya ambazo mhimili wake huelea kwa nguvu za sumaku, nazo hazihitaji mafuta kabisa. Mzee amewahi kuiona moja. Alisema ni nzuri, lakini alisema kwa sauti ya mtu anayesifu ng'ombe wa jirani.

Chumba cha pili cha kiwanda kina mtambo wa zamani wa kutengeneza barafu, unaotumia amonia. Nilidhani mafuta yake yatakuwa na tabia ile ile, nikakosea. Mafuta ya kawaida hayachanganyiki na amonia. Tena angalieni uzito: lita moja ya kimiminiko cha R134a penye baridi ina kilo 1.3 hivi, mafuta yana kilo 0.9 au karibu na 1, na amonia haifiki hata kilo 0.7. Kwa hiyo mafuta yakijitenga katika R134a huelea juu, lakini katika amonia huzama chini. Ndiyo sababu kule tulichota karibu na uso, na huku mjomba hutolea chini kabisa, katika chungu kidogo cha chuma kilichofungwa kitakoni mwa tangi. Kazi hiyo hufanywa kwa mkono, na ni ya hatari. Amonia huchoma macho na mapafu. Mtu asiyevaa barakoa na glavu hana ruhusa kuisogelea. Huwa watu wawili, mmoja afanye na mmoja atazame. Valvu ya mwisho ina springi: ukiiachia hujifunga yenyewe, ili mtu akianguka au akikimbia, amonia isimfuate. Mzee alituonya kwamba aliwahi kukuta valvu kama hiyo imefungwa kamba ili mfanyakazi akapate chai. Hakusema ni wapi, nasi hatukumwuliza.

Limebaki jambo moja, nalo linatuhusu sana sisi ambao umeme wetu hukatika, ijapokuwa Mto Nile na mabwawa yake uko karibu nasi. Mtambo ukisimama na kupoa, mafuta hunywa gesi, kama vile soda inavyoshika hewa yake. Ukiuwasha ghafula, msukumo hushuka, gesi hutoka katika mafuta kwa nguvu, na yote hugeuka povu. Mmewahi kutikisa chupa ya soda kisha mkaifungua? Povu lile huvutwa na gesi na kwenda zake, kompresa ikabaki kavu. Kuzuia hayo, tangini mna hita ya umeme inayoyaweka mafuta joto wakati mtambo umesimama. Lakini umeme ukikatika, hita nayo hufa. Yapasa basi, ikiwa umeme ulikosekana muda mrefu, kuiacha hita ifanye kazi kwanza kwa muda uliowekwa na watengenezaji, na mara nyingine muda huo ni saa 24, ndipo kompresa iwashwe. Tulipotazama daftari la zamu tuliona kwamba katika yale majuma matatu umeme ulikatika mara tano, na mara zote tano mtambo uliwashwa umeme uliporudi tu, kwa sababu samaki walikuwa wakingoja. Kwa hiyo mafuta yalikuwa yakisukumwa kwa wingi kwenda pipa la baridi, na mlango wa kurudia ulikuwa umezibwa. Ningependa kumlaumu mtu, lakini hata sasa sijui ningefanya nini mimi mwenyewe, mashua zikiwa zimejaa na meneja amesimama mlangoni.

Mjomba alijibu barua siku ya sita. Jibu lilikuwa la ukurasa mmoja na nusu, na hesabu nilimwandikia mimi. Bwana Meneja alilisoma, akasema, "Sawa," akampa mkono. Barua ya kwanza ingali katika faili ya mjomba ofisini. Aliomba itolewe, akaambiwa jambo hilo litaangaliwa. Siku hizi pana daftari lililofungwa kwa kamba mlangoni mwa chumba cha mtambo. Kila tone linaloingia huandikwa humo pamoja na saa na jina la aliyetia, na safu ya mwisho ina swali kwa wino mwekundu: bomba la ejekta linatoa jasho? Nilipokwenda likizo ya Krismasi nililisoma lote. Tangu Septemba ilikuwa imetiwa nusu lita tu.